Scola na Chungu cha Midomo Miwili

Usiku ule wifi yangu Scola alikataa kuingia ndani. Alikaa juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yangu, mahali pekee kijijini kwetu hapa Mamba ambapo simu hukamata mtandao vizuri, amejifunika turubai maana mvua ilikuwa inanyunya. Simu ilikuwa yangu. Tuliyemsubiri apige ni mwanangu Maiko, anayeendesha bodaboda Mpanda mjini. Nilikuwa nimemtuma hospitali akamtazame mzee Melkiadi, aliyepelekwa jioni kwa pikapu ya wanunuzi wa mpunga, miguu imeungua maji ya moto na kifua kimembana.

Mimi niliogopa mambo mawili kwa pamoja. Niliogopa mzee asije akafa, na niliogopa kumpeleka mwanangu wodini wakati watu walikuwa wanakufa kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji. Nilimwambia avae barakoa, asishike kitu, anawe akitoka. Akajibu, "Sawa mama," kama anavyojibu nikimwambia avae helmeti, na havai.

Simu ililia jogoo hajawika. Mzee yuko hai, alisema Maiko, lakini amewekewa hewa ya mtungi na hasemi. Halafu akauliza, "Mama, ni kweli chungu kilikuwa cha shangazi? Huku binti wa mzee anamwambia kila mtu."

Scola alisikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. Alishuka kichuguuni taratibu, akakunja turubai vizuri kama nguo ya kanisani, akanikabidhi. Ndipo akasema, "Nilimwambia kina ufa, wifi. Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Ila mimi ni wifi yake, na neno la wifi halina uzito kwa watu waliofiwa au wanaokaribia kufiwa.

Scola ni dada wa marehemu mume wangu. Alisoma hadi darasa la saba kama mimi, akaolewa Kasansa, akarudishwa kwao kwa sababu hakuzaa. Alirudi na sanduku moja. Miaka ile walikuwa wanapita wachuuzi wenye sufuria mpya za aluminiamu, wanabadilishana na vitu vya zamani. Mama yao alitoa kigoda cha bibi akapewa sufuria. Sufuria ikatoboka kabla ya mavuno mengine. Scola hakusahau jambo hilo. Alianza kuwatangulia wachuuzi, nyumba kwa nyumba, anawaomba watu wasiuze. Hakuwa na cha kuwapa. Aliwaambia, niazimeni tu, nitawatunzia, mkikitaka mtakuja kukichukua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Hakuna ukoo uliompa kitu. Walimwazima. Chama cha msingi cha wakulima kikamruhusu kukaa kwenye ghala lake la zamani, lile la bati lililo karibu na mashine ya kukoboa. Akaliita Makumbusho ya Mpimbwe. Watu wakaliita Kwa Mama Vigae. Wanawake kisimani walimuuliza, "Mama Vigae, leo umezaa vingapi?" Naye alijibu, "Mapacha, njooni mniogeshee." Alicheka pamoja nao. Nilimwona baadaye akiwa peke yake, hacheki.

Mapacha wenyewe kweli walikuwepo mle ndani. Kilikuwa chungu kikubwa cha midomo miwili, cha ukoo wa mzee Melkiadi. Katika ukoo ule mwanamke akijifungua pacha, mfinyanzi wao alifinyanga chungu cha namna ile, maji ya kuwaogesha watoto yakachemshwa humo. Baada ya hapo hakiwekwi tena jikoni, kinatunzwa tu hadi pacha wote wawili wazikwe. Mzee Melkiadi ndiye Doto, pacha wa pili kuzaliwa. Kulwa wake alifariki wakiwa vijana. Chungu kilifika kwa Scola kikiwa na ufa tumboni, naye akauziba kwa nta ya nyuki na majivu, akaulainisha mpaka mgeni hauoni. Pamoja na chungu, mzee alimwazima ngoma, mikuki, majembe ya kale, karibu nusu ya vitu vya nyumba ile. Koo nyingine zilipoona mzee Melkiadi ametoa, nazo zikatoa.

Walioingia zaidi walikuwa wanafunzi. Shule zilikuja kwa lori, na mara moja moja wazungu waliotoka hifadhini kuangalia viboko. Watu wa hapa hawakuingia. Walisema, niende nikaone jembe la babu yangu la kazi gani, si nalijua.

Ugonjwa ulipotangazwa, shule zikafungwa. Wazungu wakakatika kama maji ya bomba. Scola alichora maduara kwa mkaa sakafuni, kila mgeni asimame kwenye lake, akatengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mlangoni, akaweka sabuni. Hakuja mtu. Akafunga katoni nyuma ya baiskeli, ndani ameweka kigoda, shanga na kinu kidogo, akawafuata wanafunzi majumbani. Mlango wa kwanza walimsikiliza. Wa pili mama mmoja akatoka na ufagio akasema, "Umeshika vitu vya wafu, umeshika nyumba za watu wote, halafu unakuja kwa wanangu." Yule mama namfahamu, simlaumu. Hata mimi, Scola akija kwangu siku zile, nilimwambia akae barazani, na akiondoka nilikimwagia maji ya sabuni kigoda alichokalia. Aliniona. Akaanza kuja na kigoda chake mwenyewe.

Mwisho wa Juni shule zilifunguliwa, lakini walimu walisema ziara bado. Mvua zilipokuja mwishoni mwa mwaka, ugonjwa nao ukarudi, safari hii kimyakimya. Watu wakaanza kujifukiza. Kila nyumba ilichemsha majani ya mwarobaini, mchaichai na malimao, mtu anajifunika blanketi juu ya chungu. Sufuria hazikufaa, zinapoa haraka. Na vyungu vikubwa vya udongo hapa kwetu vilikuwa vimebaki sehemu moja tu.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa ufagio. Alisimama mlangoni, akaangalia chini, akaomba chungu. Scola alimpa. Kesho yake wakaja wengine. Alichagua vile vizima, alivyovijua, akavilowesha siku nzima kabla ya kuvitoa, maana chungu kilichokaa kavu miaka mingi hakiendi motoni hivihivi. Vikirudi anavisugua kwa majivu, anavianika. Watu walioingia kuchukua chungu walisimama kidogo, wakaangalia ngoma, wakaulizana hii ni ya nani. Sikuwahi kumwona Scola akiwa na furaha kama wiki zile. Aliniambia, "Wifi, wameingia. Watu wa hapa wenyewe wameingia." Nilitaka kufurahi naye. Nilikuwa nahesabu wanaokohoa.

Mzee Melkiadi alikuja akitembelea fimbo, anapumua kwa mdomo. Nilikuwa uani nasaidia kusugua vyungu. Scola alimtolea chungu kizuri, kipana. Mzee akakisukuma pembeni kwa fimbo.

"Nipe changu."

"Baba, kile kina ufa. Nimeziba kwa nta kisimame tu, watu wakione. Motoni hakiwezi."

"Nta gani tena? Mimi na Kulwa tumeogeshwa maji ya humo tukiwa na siku moja, tukapona. Kitanikataa leo?"

"Na mlisema wenyewe hakirudi jikoni."

"Hakirudi mpaka tuzikwe. Mimi nazikwa, mwanangu. Unaona ninavyopumua?"

Scola alinitazama. Mimi nikatazama chini. Kitu ni chake, kiliazimwa kwa neno lile la mkikitaka mtakuja kukichukua. Angemkatalia kwa sheria ipi? Alikifunga kwa kanga yake, akarudia tena habari ya ufa, polepole, karibu na sikio lake. Mzee aliitikia, "Nimesikia, nimesikia," kwa namna ile ya mtu anayetaka uache kusema. Mpwa wake akakibeba kwa baiskeli. Nyanzala, binti mkubwa wa mzee anayekaa naye, siku ile alikuwa palizini. Hakuna aliyempa habari ya nta.

Yeye ndiye aliyekiinjika. Kilichemka vizuri, alisema baadaye, na mvuke ulitoka midomo yote miwili. Alikiepua, akamfunika baba yake mablanketi mawili. Nta ilikuwa imeyeyuka zamani, ufa unashikiliwa na majivu tu. Mzee alipoinama, akakiegemea, kikaachia tumbo lote kwenye mapaja yake, na mablanketi yakamzuia asiweze kutoka haraka.

Alifariki siku chache baada ya usiku ule wa kichuguu. Madaktari walisema ni kifua. Nyanzala alisema ni Scola.

Tulikwenda msibani. Scola alibeba kuni kama wanawake wote, lakini alipoinama kuuweka mzigo, Nyanzala aliwaambia wapishi, "Hizo pelekeni nje. Atatuunguza sisi sote." Wengine walicheka kwa pua. Scola aliziinua tena kuni zake akarudi nazo nyumbani, njia nzima, nami nyuma yake. Vigae vya chungu vilizikwa pamoja na mzee.

Siku ya pili yake ndugu wa mzee wakaja kuchukua ngoma, mikuki na majembe. Walikuja kwa heshima, hawakugombana, na hilo liliniuma zaidi. Kisha zikaja koo nyingine, moja asubuhi, nyingine jioni, maana walitoa kwa kumwona Melkiadi, sasa wanachukua kwa kumwona Nyanzala. Hata yule mama wa ufagio alichukua shanga za nyanya yake. Mwenyekiti wa chama, Bwana Method, mtu mpole, akaja kusimama katikati ya ghala tupu, sauti yake inarudi kwenye bati. Alimwambia Scola kwamba mavuno ya mpunga yanakaribia na watu hawana pa kuweka. Vitu vikiwa vimerudi kufikia Pasaka, abaki. Pasipokuwa na vitu, arudishe ufunguo.

Scola aliniambia kwamba njia ni moja. Katika ukoo ule aliyewakosea hagongi mlango wala hatumi watu. Anakuja alfajiri, anakaa chini mbele ya mlango, anasubiri. Mwenye nyumba akifungua akampa maji ya kunywa, yamekwisha, na hata kilichochukuliwa kinaweza kurudi. Nyanzala akifungua, wengine watarudi. Nilimuuliza, asipofungua? Akaenda kutafuta kanga ya kujifunika umande.

Nilimsindikiza. Sikutaka, nilikuwa nimeamka na koo linawasha na nilishajiona kaburini, lakini sikuweza kumwacha akae peke yake kwenye umande. Tulifika giza bado. Scola alivua ndala akakaa chini, miguu ameinyoosha, kanga kichwani. Mimi nilikaa nyuma yake kidogo, kando ya banda la mbuzi.

Kulipopambazuka tulisikia watu wameamka. Ufagio ulipita sakafuni ukaja mpaka nyuma ya mlango, ukasimama. Najua alituona, kuna nafasi kati ya mbao. Niliona hata kivuli cha miguu chini ya mlango. Scola aliinua uso. Mimi nilikuwa nasali, sina maneno, nasema tu afungue, afungue. Kivuli kikakaa. Mtoto ndani akauliza, "Bibi, nani yuko nje?" Nyanzala akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu habari ya chumvi, "Hakuna mtu."

Kivuli kikaondoka. Wakawasha redio. Harufu ya uji ikatoka. Majirani waliokwenda shambani walitupita wakitusalimia kwa sauti ndogo, na mmoja, Matilda, mke wa mtengeneza baiskeli, alisimama akasema, "Mama Vigae, jua litakuua hapo." Hakuwa anamdhihaki. Scola alisema asante.

Jua lilikuwa limeshapanda redio iliponyamaza. Tukasikia mlango, lakini si ule. Ni wa nyuma. Jembe liligonga ukuta, mbuzi wakafunguliwa, mtoto akaambiwa avae viatu. Kisha kikasikika chuma kikibanwa, kofuli linafungwa kwa nje.

"Ametoka?" Scola aliuliza, bila kugeuka.

"Ametoka kwa nyuma, wifi. Wameenda mpungani wote. Ndani hakuna mtu."

Alivuta kanga mbele ili jua lisimpige machoni.

"Basi nitamsubiri," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba palizi ya mpunga ni ya kutwa, na kwamba jioni Nyanzala ataingia kwa mlango ule ule aliotokea. Alikuwa anayajua hayo kuliko mimi. Nilisogea nikakaa karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mwaka mzima, tukautazama mlango wa nyumba isiyo na mtu.