Niliposikia kampuni mbili za simu zinaungana, nikamuwahi jirani kabla hajasikia

Wakuu, poleni na vumbi huko mliko. Leo naweka mezani kilichonipata mwenyewe, chumvi sijatia. Anayebisha aje Hombolo aone kwa macho yake.

Mnaonifahamu humu mnajua shule mimi niliishia darasa la saba. Lakini shamba la zabibu ninalo, nyumba Miyuji ninayo, na hakuna aliyenishika mkono.

Na kwenye kiwanja changu cha Hombolo kuna mnara wa simu. Kampuni inanilipa kodi kila mwaka, na kodi hiyo ndiyo inamsomesha binti yangu Neema udaktari. Zabibu peke yake haziwezi, wanaolima wanaelewa.

Ng'ambo ya barabara kuna mnara wa kampuni nyingine. Huo uko kwa Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kanizidi umri, shikamoo nampa, ila kwa mdomo hatuachiani. Yeye husema mnara wake ni mrefu kuliko wangu. Mimi humwambia umerefuka kwa njaa.

Basi.

Siku moja niko Msalato kwenye nyama choma. Kuna jamaa wa ofisini, tai shingoni, simu mbili. Akaniinamia.

"Kaka, hizi kampuni zinaungana. Ile ya jirani yako inainunua ya kwako. Kaa nayo moyoni."

Wakuu, nyama ilinishinda.

Hesabu yake haihitaji degree. Kampuni zikiwa moja, minara miwili inayotazamana ya nini? Mmoja unang'olewa. Na wa aliyenunuliwa ndio utakaong'olewa.

Usingizi ukakata. Gari lolote lenye ngazi juu likipita, nasimama. Mafundi walikuja kwenye jenereta, nikawafuata nyuma nyuma: mmeambiwa nini? Wakasema, "Mzee, tumeambiwa tubadilishe oil."

Nikaingia humu jukwaani, ndiyo nikaharibikiwa kabisa. Huyu anasema merger imeshasainiwa. Huyu anasema serikali imekataa. Mwingine anasema mnunuzi ni Mwarabu. Kila mmoja ana source wizarani!

"Baba Neema, weka hiyo simu chini ule," mke wangu akasema.

Sikuweka.

Nikajiambia, Mzee Idi bado hajapata habari. Nimuwahi.

Nikamfuata dukani. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia, "Mzee wangu, siku hizi wakubwa wanaungana. Na sisi tuungane. Mnara wa mmoja wetu ukiondoka, kodi ya unaobaki tugawane nusu kwa nusu."

Nilijiandaa kumbembeleza wiki nzima. Yeye akaacha misumari aliyokuwa anampimia mteja.

"Mwite mwenyekiti wa mtaa aandike. Sasa hivi, kabla sijaenda kuswali."

Mtu mwenye akili kama zangu angeshtuka hapo. Wapi! Soda za mashahidi nilinunua mimi. Tukasaini, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Kabla mvua hazijaanza, likaja lori na kreni. Nikavaa viatu, nikajikaza, nikatoka kuuaga mnara wangu.

Lori likaingia kwa Mzee Idi.

Kumbe hakuna kampuni iliyomnunua mwenzake. Mpaka leo naandika hapa, hakuna lililotangazwa. Kampuni yake ilikuwa inapunguza gharama tu, ikang'oa mnara na kuja kufunga antena zake kwenye wangu.

Nikaenda kwake nimevimba. "Mzee, ulikuwa unajua?"

"Mpwa wangu wa mjini aliniambia zinaungana, na kwamba ya kwako ndiyo inanunua ya kwangu. Nikawa natafuta pa kukuanzia. Ulipoingia dukani nikasema huyu kaletwa na Mungu." Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Kwani wewe uliambiwaje?"

Nikamwokotea kofia.

Marafiki wakaniambia, chana hiyo karatasi. Mke wangu akauliza swali moja tu: "Ungebaki mnara wake, ungemwacha aichane?"

Nikalipa. Hela ya ada ikapungua, nikauza gari, tena kwa bei nzuri kwa sababu mimi kuuza najua. Neema yuko darasani. Shambani naenda na bodaboda.

Nilichojifunza: huko juu wakiungana au wakiachana, hawatuiti kikaoni. Na ukipeleka ombi, mtu akakubali kabla hujamaliza kusema, usisaini siku hiyo. Nenda nyumbani ukalale kwanza.

Sasa wiki hii naona uzi humu kwamba kampuni ya satelaiti ya nje inataka kuzinunua zote na minara haitakuwa na kazi. Usingizi umeanza kukata tena. Mwenye taarifa za uhakika aweke hapa chini, na aliyewahi kuponzwa na fununu kama mimi naye aseme, tucheke pamoja.

Maana Mzee Idi hana wasiwasi wowote. Kila asubuhi anavuka barabara, anasimama kwenye uzio wangu, ananiita mtaa mzima usikie:

"Mwanangu! Mnara wetu umeamkaje?"

Namjibu umeamka salama. Nifanyeje?