Mama Pasi na Baridi ya Kuazima

“Nyinyi mnapanda mlima mnarudi mnakohoa kama mbuzi walionyeshewa. Mimi nitapanda, nitalala hukohuko kwenye barafu, na nitarudi nimenenepa!”

Maneno hayo aliyasema shangazi yangu Jumamosi asubuhi, duka la dobi limejaa wateja hadi mlangoni, na pasi mkononi mwake inafoka mvuke kama vile inamuunga mkono. Aliyekuwa akiambiwa ni mhasibu mmoja wa benki, mwenyekiti wa kikundi cha wapanda mlima. Mtaa mzima tunamwita Kilele kwa sababu hajui kumaliza sentensi bila kufika kileleni. Kila akirudi mlimani huleta gunia la majaketi machafu, na siku hiyo alikuwa amemchokoza mwenyewe: “Mama Pasi, wewe na joto lako hilo, kule juu ungeganda kabla hujafungua chupa ya chai.”

Watu walipomaliza kucheka jibu la shangazi, Kilele akaweka mikono kiunoni.

“Haya. Nafasi moja ipo. Mwezi wa nane, siku nne. Hema tunalo, begi la kulalia tunalo. Unakuja au hauji?”

“Nakuja.”

“Mwandike!” akapiga kelele mama mmoja aliyefuata mapazia yake. “Mwandike kabla hajameza mate!”

Hata Madamu, mwenye duka, akapiga makofi pale kwenye kaunta. “Nenda, dada yangu, ukatuwakilishe!”

Shangazi akarudi chumba cha nyuma akiwa amejipalia makaa mwenyewe.

Chumba hicho ndicho cha kupigia pasi. Hakina dirisha. Kina meza mbili, mashine ya mvuke inayokoroma pembeni, na mashati yaliyotundikwa kwenye bomba kama foleni ya watu wasio na vichwa. Kina pia feni, ambayo kazi yake ni kuchukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile, kama karani anayehamisha faili ili aonekane ana shughuli. Shangazi ameingia humo mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Akitoka jioni anakuwa ameiva. Akioga maji baridi, anatoka jasho akiwa anajifuta. Nyumbani analala kwenye sakafu karibu na mlango, akivizia ule upepo mdogo unaopita chini yake.

Nilidhani angetafuta sababu ya kujitoa kwa heshima, goti au kizunguzungu. Badala yake jioni ile aliweka mkoba chini na kunitazama.

“Wewe si ulisomea mwili wa binadamu? Niambie, wa kwenda kwenye baridi unaandaliwaje?”

Kweli nilisomea, diploma ya mazoezi ya viungo, ila niliachia njiani. Mwili nilifika nao kiunoni. Miguu ilikuwa ya muhula uliofuata. Lakini nakula kwake na kulala kwake, kwa hiyo nilikohoa kidogo na kujibu kama profesa: miguu kwanza, kifua pili, ngozi mwisho.

Bibi, mama yake shangazi, alikuwa kitini pake anasikiliza. “Mwanangu, unajiandaa kwenda kugandishwa? Hata samaki hagandishwi kwa hiari yake.”

Tulianza na ngazi. Jengo letu ni la ghorofa na lifti yake imekufa siku nyingi. Nilimfungia mgongoni begi langu la chuo, ndani nikaweka mfuko wa unga, akapanda na kushuka. Mara ya kwanza alikaa kwenye ngazi katikati akaniambia nimletee kiti, mto na mwanasheria. Majirani walishaanza kuuliza kama anahama kwa awamu. Nikamwambia ale vizuri asubuhi, kwa sababu mwili kwenye baridi ni jiko, na jiko tupu haliwaki. Anywe maji hata kama hana kiu, maana baridi hudanganya koo. Hayo nilikuwa na hakika nayo. Mengine nilikuwa natia chumvi tu ili asikate tamaa.

Kilele naye, nimpe haki yake, hakumdhihaki tena. Alipokuja kuchukua majaketi alimfundisha palepale kwenye kaunta: nguo tabaka kwa tabaka, unavua moja kabla hujachemka na kuvaa moja kabla hujatetemeka, ya ndani kabisa isiwe pamba, maana pamba ikinywa jasho haikauki.

“Na utembee polepole,” alisema, “usitoke jasho. Jasho la mchana ndilo linakugandisha usiku.”

Shangazi alicheka mpaka akaishika meza. “Basi nimekwisha! Mimi hata nikikaa natoka jasho.”

Kisha akajifuta paji la uso, akakitazama kiganja. Ndipo nilipoona kuwa jambo hilo lilikuwa limemwingia. Mwili wake ulijua kazi moja tu, kumwaga joto nje. Baridi ulikuwa hauijui hata kwa sura, na katika mtaa wetu baridi ipo mahali pamoja tu: ng'ambo ya barabara, kwenye chumba cha kuhifadhia nyama cha bucha.

Mwenye bucha, ambaye sote tunamwita Bucha, ni mgane mwenye mikono minene na maneno laini. Nilipomweleza shida yetu aliacha kisu.

“Mama Pasi, wanawake wote wanakuja hapa kuomba nyama ya mkopo. Wewe unaomba baridi?”

“Na baridi yenyewe ya kuazima. Nitairudisha.”

“Baridi chukua bure. Mengine tutaelewana taratibu.”

“Taratibu hivyohivyo mpaka kiama,” akasema shangazi, akavaa sweta na kuingia.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Tulikubaliana akizidiwa agonge mlango. Mimi na Bucha tukasimama nje, mkono wangu kwenye kitasa. Hakugonga. Tukaongea habari za mpira, zikaisha. Hakugonga. Bucha akaanza kunitazama kwa jicho la mtu anayefikiria polisi.

“Kijana. Huyu anapumua?”

Nikafungua. Shangazi alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, katikati ya nusu mbili za ng'ombe, kitambaa cha kichwa amekivua na kukiweka mapajani, macho amefumba. Kisha nikaona moshi mwembamba ukimtoka puani.

“Shangazi!”

“Funga mlango,” akasema bila kufumbua macho. “Joto linaingia.”

Tulipokuwa tunavuka barabara kurudi dukani aliniambia jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu niliyezoea kutaniana naye. “Unajua nilisikia nini mle? Ngozi yangu. Kule kwenye pasi sijui mimi naishia wapi na chumba kinaanzia wapi. Leo nimejua naishia wapi.”

Kuanzia hapo nikaacha kuita safari ile majigambo. Alikuwa anautaka mlima ule kama mfungwa anavyotaka ua.

Akawa anaingia kwa Bucha kila mchana. Alijifunza kuchezesha vidole vya miguu ndani ya viatu, kupumua kwa pua, kuacha mabega yashuke badala ya kuyakunja hadi masikioni. Ngazi alizipanda bila kusimama, na mfuko wa unga ukawa miwili. Mgongo ulinyooka. Ule uzito wa alasiri, uliokuwa ukimfanya aegemee meza kama mlevi, ukamtoka. Alinunua kofia ya sufu ya rangi ya machungwa akaificha chini ya mto, na asubuhi moja nilimkuta ameivaa anachemsha chai.

“Umekuwa kama mlinzi wa benki,” Bibi akamwambia. Kwa Bibi hiyo ni sifa.

Kisha Kidoti akaolewa. Kidoti ni msichana aliyekuwa akipiga pasi meza ya pili. Mumewe alipata kazi mji mwingine, Kidoti akaaga, wakalia kidogo, akaenda. Madamu akabandika karatasi kwenye kioo cha mlango: Anahitajika mpiga pasi. Huku akingoja mtu, akamwomba shangazi ashike meza zote mbili, kwa muda tu, na mimi nikaitwa kubeba mafurushi ya hoteli. Hoteli ndiyo mteja mkubwa, na shuka zake ni nyingi kuliko usingizi unaolalwa humo.

Zamani meza mbili zingemwangusha shangazi kabla ya saa nane. Sasa alikuwa anatoka meza hii kwenda ile kama anacheza, na duka likifungwa shuka zote ziko kwenye rafu. Madamu alikuwa anamtazama kutoka kaunta, kidevu juu ya kiganja.

“Dada yangu! Siku hizi umekuwa mashine!”

Asubuhi moja tulifika na karatasi haipo kwenye kioo. Alama za gundi tu zilibaki pembe nne.

“Labda upepo,” akasema shangazi.

Duka lile halijawahi kuona upepo. Zile ngazi zote, ule unga, lile jiko nililomfundisha kulijaza asubuhi: nilidhani nauandalia mlima mtu, kumbe namwandalia Madamu mfanyakazi wa pili bila mshahara wa pili.

Wiki ya safari ilipokaribia, shangazi aliingia kaunta kumkumbusha zile siku nne. Nilikuwa nafunga mafurushi hapohapo.

“Si zako hizo?” Madamu alisema, sauti asali. “Nilikupa mbele za watu, sirudi nyuma. Ila nisaidie kitu kimoja, dada yangu. Shuka za hoteli nimpe nani? Nitajie jina tu, nimpigie simu sasa hivi.”

“Madamu si uliandika tangazo?”

“Nikaona sina haja. Mtu ana nguzo kama wewe anatafuta fito?”

Shangazi akaninyooshea kidole. Madamu akaitazama mikono yangu, kisha kola ya shati la mteja niliyokuwa nimeiunguza juzi, ambayo alikuwa bado ameiweka pale kaunta kama ushahidi. “Huyu? Huyu ataniunguzia hoteli nzima.” Akacheka, akamshika shangazi mkono. “Sikukatazi. Nenda. Ila nikikaa siku nne bila mtu, nitamshika yeyote nitakayemwona, na siwezi kumshika leo nikamtupa kesho. Unanielewa, si ndiyo?”

“Nakuelewa.”

Nyumbani alieleza kwa maneno machache, akila kwa kuinama. Nilimwambia Madamu anatisha tu, hana pa kumpata mtu. Nilisema mengi. Mwenye la maana alikuwa Bibi, aliyedhihaki safari ile tangu mwanzo.

“Nenda, mwanangu.”

“Na nikirudi?”

Bibi akatazama meza, pale penye dawa zake. Mimi nikatazama sahani yangu, ambayo nilikuwa nimeimaliza.

Asubuhi ya safari, basi dogo la kikundi lilisimama mbele ya duka, mabegi yamefungwa juu yake, watu ndani wanaimba. Dereva akapiga honi. Begi la shangazi lilikuwepo, nyuma ya mlango wa chumba cha pasi, limefungwa vizuri, kofia ya machungwa juu yake. Sijui alilileta kwa nini. Labda alikuwa hajakata kauli hata wakati huo. Alitoka hadi kizingitini akiwa na aproni.

“Mama Pasi!” Kilele aliruka chini. “Begi liko wapi?”

“Kuna shuka.”

“Shuka gani?”

“Za hoteli.”

Kilele hakuelewa. Akamtazama Madamu, na Madamu akampungia mkono kwa furaha kabisa. Ndani ya basi mtu akasema, si kwa sauti ya chini, “Nilijua tu. Domo lote lile!” Wakacheka. Wateja wawili waliokuwa ndani ya duka nao wakacheka, mmoja wao yule mama wa mapazia.

Nilingoja. Shangazi yangu hajawahi kuachia tusi lipite bila kulitoza ushuru. Nikafungua mdomo mimi.

“Nyamaza,” akaniambia, taratibu.

Akageuka, akaingia ndani, na mashine ya mvuke ikaanza kukoroma. Mchana Bucha alivuka barabara akasimama mlangoni, amevua kofia yake ya kazi. “Mwambie baridi yake ipo.” Nilimpelekea shangazi salamu. “Mwambie niko kazini,” akajibu, na hakuinua macho kwenye shuka. Hakwenda kesho yake, wala siku zilizofuata. Ngazini alipanda na mkoba wake tu, na unga ukarudi jikoni.

Kikundi kiliporudi, Kilele alileta gunia kama kawaida. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na anakohoa. Anakohoa kama mbuzi aliyenyeshewa, hasa. Akalijua hilo mwenyewe. Akasimama pale kaunta anatabasamu, anangoja apigwe kijembe. Madamu alikuwa ametoka, kwa hiyo shangazi ndiye aliyehudumia.

Aliingiza mkono guniani, akatoa jaketi la juu, akaligeuza ndani nje kama anavyotafuta madoa. Lilinuka moshi wa kuni na unyevu. Akalisogeza karibu na uso, zaidi ya inavyohitajika kwa doa, akabaki hivyo.

“Ungeona asubuhi ya kileleni, Mama Pasi,” Kilele alisema, sauti imepungua utani. “Baridi ile… Mwakani nafasi yako ipo.”

Shangazi akaliweka jaketi juu ya kaunta, akalikunja mikono.

“Haya hayapigwi pasi. Yanafuliwa peke yake, yanakaushwa kivulini.”

“Sawa. Bei ni ileile?”

“Ileile. Jaketi moja, elfu nane.”