Miche ya Kuazima

Walisema sitafikisha mavuno mawili kijijini Izigo. "Huyo wa Mwanza? Goti lake litamrudisha mjini kabla ya masika," alisema binamu yangu, na wenzake wakacheka huku wakitafuna punje za kahawa.

Niseme wazi, mimi si mtu wa kushindwa. Diploma yangu ya ufundi umeme niliipata nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, bila mjomba wa kunishika mkono. Nyumba yangu ya Mwanza nimeitandazia nyaya mwenyewe. Lakini baba alipofariki, kibanja chake, shamba la migomba huku kijijini, kikawa changu, nami nina miaka hamsini na mbili, miwani ya kusomea, na goti linalolia kama bawaba.

Kero ya utu uzima ni kwamba kila mtu anakusubiri wewe. Bomba likipasuka, ni mimi. Posa ya mpwa, ni mimi. Nikikaa kunywa chai, nasimama kabla haijapoa.

Mwaka wangu wa kwanza kijijini niliona mgomba mmoja umegeuka njano. Nikaukata. Kwa panga lilelile nikapunguza majani ya wa pili, wa tatu, hadi nikamaliza safu zote, nikijisifu kwa kasi yangu. Kumbe ule ulikuwa mnyauko, na panga langu liliubeba ugonjwa shina kwa shina. Baada ya miezi michache, kila nilipokata, utomvu wa njano ulichuruzika. Kibanja alichokitunza baba maisha yake yote, mimi nilikiua kwa asubuhi moja.

Jirani yangu, mama mmoja mzee aliyesali benchi moja na marehemu mama, alikuwa ameniona siku hiyo kutoka uani kwake.

"Mbona hukuniambia nipitishe panga motoni kila baada ya shina?" nilimuuliza.

"Ningekuambiaje, waitu, ndugu yetu? Wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Tena una diploma."

Ningekuwa bado mtoto angenifukuza kwa fimbo, na migomba ingepona.

Niling'oa kila shina, nikafukia, nikapanda maharage, nikangoja. Kungoja kuliniumiza kuliko goti. Nilizunguka mipaka ya shamba kila asubuhi kama mlinzi wa ghala tupu. Ardhi ilipopumzika vya kutosha, nikaenda nyumba nne kuomba miche safi. Wote walitaka kunipa bure. Nikakataa.

"Niazimeni."

"Nani anaazima mgomba?" binamu yangu aliuliza. "Ni koti, ulivae kisha ulirudishe?"

"Nitarudisha mche kwa mche. Na wa kwako utakuwa mnene kuliko ulionipa."

Nikatimiza neno langu. Migomba iliposhika na kuchipua, nilipakia miche kwenye toroli, nikalisukuma mwenyewe kilima kizima, nikisimama kila hatua chache na kujifanya natazama ziwa kule chini. Binamu aliupima wake kwa mikono miwili, akaenda kuchukua jembe. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mama jirani. Nilimchimbia shimo, nikampandia, nikajipangusa.

"Sasa hudaiwi," alisema.

"Na mtu yeyote."

"Vizuri. Basi Jumapili utasimamia kikao cha kukarabati paa la kanisa. Tulikuwa tunatafuta mtu mzima."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kisha nikaegemea toroli nikisubiri goti linyooke.