Pumzi ya Tangi la Oili

Ijumaa ya Mei, siku moja kabla ya msimu wa uvuvi kufunguliwa katika maziwa ya Minnesota, Ardis Tollefson alifika gatini ilipofungwa boti ya familia. Tangu baba yao afariki, miaka saba iliyopita, mdogo wake Verlin ndiye aliyeshika usukani asubuhi ya ufunguzi. Ardis, ambaye majira yote ya baridi huendesha basi la shule la watoto hamsini juu ya barafu, alikalishwa mbele na kukabidhiwa wavu wa kuopolea samaki. Mwaka huu aliudai usukani, na Verlin akampa sharti.

“Mashine ya boti inapiga honi kama bata aliyekanyagwa, dada. Ukiitengeneza kabla ya saa sita, endesha. Ukishindwa naja na koleo, naing’oa hiyo pampu ya oili, tunachanganya oili na petroli kwa mkono kama watu wote. Na naendesha mimi.”

Watu wote! Nusu ya wavuvi wa ziwa hilo walikuwa wameng’oa pampu zao, na wengine walikata waya wa honi tu wakalala usingizi mnono. Ardis aliona hiyo ni aibu, maana honi hulia kuonya kwamba oili haiifikii mashine. Ukimziba mlinzi mdomo, mwizi haondoki.

Kwanza alijaza petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, ili pampu ikigoma mashine isiungue. Kisha akabandika tepu nyeupe ubavuni mwa tangi la oili, akachora mstari pale oili ilipofika, karibu na shingo. Akawasha, akazunguka ghuba kwa kasi. Moshi wa buluu ulitoka mzito, kwa kuwa mashine ilikunywa oili kutoka pande mbili. Pampu ilikuwa hai!

Baada ya dakika kumi moshi ukapungua, honi ikalia. Alizima, akanywa kahawa, akawasha tena. Moshi ulirudi, honi ikanyamaza. Dakika kumi baadaye ikalia upya.

Ardis aliweka kikombe chini taratibu. Pampu iliyokufa haifufuki kwa kusubiri kahawa. Aliukagua mpira wa oili kutoka mwanzo hadi mwisho: haukuwa na ufa wala kifundo. Basi akafungua kifuniko cha tangi, nalo likavuta hewa, fyuu, kama mtu aliyeibuka kutoka kilindini.

Tangi lilikuwa limebanwa pumzi. Oili ilitaka kutoka, hewa haikuwa na pa kuingilia, ila kujipenyeza polepole mashine ikizimwa. Alikigeuza kifuniko juani. Tundu lake la kupumulia lilikuwa limeshindiliwa nyuzi za steelwaya, ile ya kusugulia sufuria, na kuzibwa kwa nta; akalichokoa donge lote. Kila Oktoba watu wa huko huziba kila tundu kwa steelwaya, panya wasihamie humo majira ya baridi. Lakini nta ilikuwa ufundi wa mtu mmoja tu.

Mtu huyo alipofika gatini na koleo lake, boti ilikuwa imezunguka ghuba nusu saa, moshi haujapungua hata chembe, na oili imeshuka upana wa kidole chini ya mstari.

“Mbona kimya?” Verlin aliuliza. “Umekata waya wa honi?”

“Mimi si wewe.” Ardis alimwekea lile donge kiganjani.

Verlin aliligeuzageuza. “Lakini panya hawakuingia.”

“Hawakuingia. Wala hewa.”

Verlin alijikuna shingo, akatia koleo mfukoni, akapanda botini. Akaupita usukani bila kuugusa, akaenda kukaa mbele.

“Wavu uko wapi, dada?”