Kidole Ndani ya Moyo

Keti vizuri unisikilize polepole, maana habari za moyo hazitaki haraka.

Miaka ya sabini, nyumbani kwetu karibu na Kebirigo, mdogo wangu wa kike alishindwa kupanda kilima na kikapu cha chai. Alihema hata akiwa amelala, ikabidi alale ameegemea ukuta. Utotoni aliumwa koo, kisha magoti yakavimba, nasi tukadhani yamepita. Sasa daktari alisema mlango mmoja ndani ya moyo wake umekazwa na kovu lililoachwa na ugonjwa ule, na asipopasuliwa Nairobi tutampoteza.

Baba akakataa. Si kwamba aliogopa kisu. Ujanani boriti ilimwangukia, na omobari, mganga wetu wa kupasua vichwa, akamkwangua fuvu akiwa macho. Akapona.

"Omobari alikata pale nilipomwonyesha panauma," alisema. "Haya binti, onyesha panapouma."

"Hapaumi, Tata," mdogo wangu akamjibu baba. "Ni pumzi tu haitoshi."

"Basi watakata wapi? Wachakure kama kuku?"

Nikamwuliza, "Tata, pale kituo cha chai, lango likifunguliwa kidogo tu, watu husongamana wapi?"

"Barabarani. Hata wewe mwalimu unajua."

"Na kasoro iko barabarani?"

"Iko langoni."

"Basi damu yake imesongamana mapafuni, ndiyo maana anahema. Lakini lango liko moyoni. Daktari ataingiza kidole humo alipanue."

"Kidole? Na moyo unapiga?"

"Unapiga."

"Huyo naye ni omobari," akasema, akaenda kutafuta koti lake la kanisani kwa ajili ya safari.

Mdogo wangu alirudi na kovu refu chini ya titi la kushoto. Baada ya miezi kadhaa alipanda kilima akiongea njia nzima, na baba nyuma yake akilalamika kwamba sasa anaongea mno.

Lakini baba alitaka aache sindano ya kila mwezi aliyoandikiwa na daktari. Yeye hakurudi kwa omobari, kwa nini huyu arudi zahanati? Nikamweleza tena: lango limepanuliwa, ila ule ugonjwa ulioanzia kooni ukirudi utalikaza upya, na sindano ndiyo inayouzuia. Mdogo wangu hakungoja tukubaliane. Alichukua mwavuli akaenda kudungwa.

Nawe, mtoto wako akiumwa koo na kupata homa, usingoje viungo vivimbe. Mpeleke hospitali, na dawa atakayopewa aimalize yote, hata akianza kucheza.