Sweta la Bwana Mpaka

Alipostaafu upimaji ardhi, Bwana Mpaka alikuwa hajawahi kukosea. Ndivyo alivyosema mwenyewe siku ya kuagwa ofisini, na hakuna aliyebisha, maana chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa. Kwa miaka thelathini, ramani yake ilipogombana na uzio wa mtu, uliohama ni uzio.

Mwezi wa tatu wa kukaa nyumbani, vidole vikaanza kukakamaa. Daktari akamshauri avipe kazi ndogondogo. Binti yake akamletea sindano ya kroshia na mabonge sita ya uzi wa kijani, akamfundisha siku mbili. Siku ya tatu mwanafunzi akaanza kumsahihisha mwalimu.

"Nitamfumia mama yako sweta," akatangaza.

"Mpime kwanza, baba."

"Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Nimpime nini tena?"

Akafuma wiki tano, nyumba nzima ikinyata asije akapoteza hesabu. Sweta lilipokamilika, mkewe, karani wa posta, alilivaa hata kabla ya kuvua viatu vya kazini. Upande wa kulia mkono ulimeza vidole vyote. Upande wa kushoto pindo lilipanda hadi mbavuni.

Bwana Mpaka alirudi nyuma hatua nne, akafumba jicho moja.

"Simama wima."

"Nimesimama."

"Inua bega la kulia. Ongeza kidogo. Hapo hapo. Mnaona? Limekaa."

Kwa mapenzi tu, mama wa watu akaenda nalo kazini, bega likiwa juu. Kufikia saa nne wateja watatu walikuwa wameshamwomba amalize kwanza kuongea na simu. Jioni alirudi shingo imekaza, akalivua, akamwekea mumewe mapajani.

"Baba watoto, mimi si kiwanja."

Bwana Mpaka alinuna siku mbili. Akalaumu uzi, kisha duka lililouza uzi, kisha daktari. Halafu akachukua utepe wa kupimia, akamwomba mkewe asimame kama anavyosimama siku zote. Bega la kulia lilikuwa chini kwa sentimita tatu na nusu. Akapima tena, akiushuku utepe.

"Limeanza lini hili?"

"Zamani. Kupiga mihuri miaka ishirini na sita si mchezo. Mbona fundi wangu wa nguo analijua? Kila gauni ananiwekea pedi upande huo."

Bwana Mpaka akaandika namba ile kwa penseli. Kisha akalifumua sweta lote, safu kwa safu, binti akikunja uzi.

Sweta la pili lilikaa mabegani vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa shingo: kichwa kilikwama kwenye paji la uso. Bwana Mpaka akafungua kinywa kusema neno kuhusu ukubwa wa kichwa. Macho mawili yakamtazama kupitia matundu ya kroshia.

Akafunga kinywa, akaanza kutafuta ncha ya uzi.