Mwito wa Tatu

Bi Kamaria ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Nalisema hili kwa haki, maana mimi Dorcas, fundi cherehani, nimepanga chumba kinachoshiriki ukuta na nyumba yake ya urithi, na tangu nihamie hapo sijahitaji saa ya kuniamsha. Kazi yake ni kupika arusini. Hapa Malindi ukisikia wageni wamesifu pilau mpaka wakasahau kumsifu bibi arusi, jua Bi Kamaria alikuwa uani na mwiko wake, akiwaamuru wachambua mchele na wapasua kuni bila kuinuka kitini. Hana haja ya kuinuka. Akiita, mtu huja.

Ndiyo sababu nilishangaa kuona kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe haitikiwi. Huita, "Nahla!" na bintiye, mwanamke mzima mwenye mtoto, hunyamaza. Huita tena, kimya. Mara ya tatu ndipo husikika, "Labeka, mama!" Siku za kwanza nilidhani ni ujeuri, nikamwonea huruma mama wa watu. Kumbe ndiyo sheria ya nyumba. Mwito wa kwanza si wako, wa pili si wako, wa tatu ndio wako, kwa kuwa yule asiyeonekana hana uwezo wa kuita mara tatu. Na Maghribi ikiingia, jina la mtoto halitajwi kabisa.

Sheria hiyo ililetwa na kifo. Bi Kamaria amenisimulia mara nyingi huku akimenya vitunguu, na kila mara kwa maneno yale yale. Alikuwa na mdogo wake, Huzaifa. Jioni moja Huzaifa alitoka kucheza nyuma ya nyumba, kulikokuwa na kisima, akapatikana humo. Wazee wakakaa, wakasema mtoto ameitwa.

"Aliitwa, akaitika, akenda," Bi Kamaria husema. "Walipomtoa wakamlaza mkekani, kanzu yake ya mistari, kiatu kimoja, na pamba yake sikioni vile vile."

Nami nilikuwa nikisikiliza kama mtu anavyosikiliza hadithi aliyokwisha kuizoea. Kisima kilizibwa kwa zege. Siku hizi Bi Kamaria huanika pilipili juu yake.

Basi akazaliwa Wafa, mtoto wa Nahla. Baba yake, Zayd, anafanya kazi Doha na humwona mwanawe kwenye simu. Wafa alipofika umri wa kutumwa kiberiti, ikaonekana kwamba hakuna aliyewahi kuishika sheria ya nyumba kama yeye. Ukimwita mara moja, hageuki. Mara tatu, hageuki. Lazima umfuate, umguse bega, akuone uso, ndipo atabasamu. Bi Kamaria alivimba kichwa.

"Mwaona?" akawaambia wageni. "Huyu kafunzika. Huyu haibiwi na mtu."

Na sisi majirani tukamsifu. Mimi nilimpa vipande vya vitambaa amshonee mwanasesere wake, zawadi ya adabu.

Nahla ndiye aliyeanza kuingiwa na shaka. Maneno ambayo mtoto aliyatamka vizuri mwaka uliopita yalikuwa yakipotea miisho. Mwalimu wa chekechea naye alisema Wafa huwatazama wenzake kwanza ndipo ajue kama ni wakati wa kusimama au kukaa. Tukaenda kwa daktari wa masikio, mimi nikiwa wa kumpakata mtoto, Bi Kamaria akiwa wa kutulinda sote.

Daktari Jedida, binti wa kule Marafa, mpole wa sauti, alichungulia masikio yote mawili, kisha akayatia kijimashine kinachopuliza hewa. Akasema nyuma ya ngoma ya kila sikio kumejaa maji mazito kama uji uliopoa.

"Mtoto hana kiburi wala si mzito wa akili," alisema. "Anatusikia kama mtu aliyezama ndani ya maji anavyowasikia walio juu."

Niliona vidole vya Bi Kamaria vikikaza buibui lake.

Daktari akatueleza kwamba mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe, kwa hiyo tungoje miezi mitatu. Yasipokauka, angeshauri kutia vijibomba, kimoja kila sikio, vidogo kuliko punje ya mchele, vya kupitisha hewa ndani. Mtoto hupewa dawa ya usingizi kwa muda mfupi. Vijibomba vyenyewe hudondoka baada ya miezi kadhaa, au mwaka, bila mtu kuvitoa. Hakutuficha kwamba kila dawa ya usingizi ina hatari yake, hata iwe ndogo, wala kwamba sikio linaweza kutoka maji baadaye. Kisha akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuwa na shida ya masikio.

"Hakuna," alijibu Bi Kamaria. "Sisi masikio yetu mazima."

Tulingoja. Miezi ikapita, mashine ikapuliza tena, na maji yalikuwa pale pale. Sasa ilibidi neno litoke. Nahla alimpigia mumewe simu, na Zayd akasema, "Mama akiridhia, nami nimeridhia." Ndivyo mambo yalivyo katika nyumba ile. Mzigo wote ukaangukia kiti cha Bi Kamaria, na Bi Kamaria akakataa.

"Usingizi wa kutiwa si usingizi," alisema. "Mja hulala kwa kudra na huamka kwa kudra. Na kwani mtoto ana ugonjwa gani? Sikio gonjwa hutoka usaha, nalijua mie, nimelisafisha kwa mikono yangu hii. Sikio la Wafa kavu."

Hatukumuuliza ni sikio la nani alilolisafisha. Tulikuwa tumeshughulika na kubishana.

Siku moja, tukiwa wawili tu, alinitolea lililo moyoni. Alisema taratibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee.

"Dorcas mwanangu, huyo akizibuliwa masikio, nani atamlinda? Saa hizi hakuna awezaye kumwita. Akisikia, ataitwa na kila mwitaji."

Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Nikamwambia, "Na gari likimwita je, Bi Kamaria?"

"Funga kinywa chako," akasema, akaingia ndani. Hatukusemezana siku kadhaa. Nahla alikuja kwangu akalia juu ya meza ya cherehani mpaka akalowesha sketi ya mteja. Nilimwambia ampeleke mtoto kimyakimya. Akanitazama kana kwamba nimemwambia achome nyumba. Hatutibu mtoto kinyume cha neno la mama, alisema, na tukimpeleka bila radhi yake kisha mtoto asiamke, nitaishi vipi?

Ikaja arusi ya mtaa wa pili. Njia ilifungwa kwa mahema, masufuria yakawashiwa kuni alfajiri, na Bi Kamaria akakaa kitini pake. Nahla alikuwa akikata nyama, mimi nikichambua mchele, ingawa nilikuwa bado nimenuna. Lori lililoleta viti lilikuwa limekwisha kushusha, likaanza kurudi nyuma. Na pale nyuma yake, amechuchumaa, alikuwa Wafa. Mashada ya bibi arusi yalipitishwa hapo, yakadondosha asumini, naye alikuwa akiokota moja moja na kutia kwenye pindo la gauni lake. Lori liliunguruma, halafu likapiga kile kilio chake cha kurudi nyuma. Mtoto hakugeuka.

Bi Kamaria alimwona kabla yetu. Akaita.

"Wafa!"

Sote tulisikia. Mtoto akaokota ua.

"Wafa!"

Sasa nitasema jambo ambalo hadi leo hunitia baridi. Hakuna aliyekimbia. Nahla, mama mzazi, alikuwa amesimama na kisu mkononi akimtazama mwanawe, nami nilikuwa nimesimama, na wanawake wote waliozoea nyumba ile walikuwa wamesimama. Tulikuwa tukingoja mwito wa tatu.

"Wafa!"

Sauti hiyo sijawahi kuisikia tena. Dereva hakuisikia kwa ngurumo za injini, lakini mpakiaji mmoja alishtuka, akaligonga lori ubavuni kwa ngumi zote mbili, likasimama. Tulipofika, gurudumu lilikuwa limekanyaga pindo la gauni. Wafa alikuwa amekaa chini akilivuta, akishangaa mbona halitoki. Alipoona miguu yetu aliinua uso, akacheka.

Mmoja wa wapishi, kwa hofu tu, alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Nilidhani Bi Kamaria angemrukia. Alikuwa amekuja kwa miguu yake, ameacha sufuria motoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akapiga magoti vumbini. Akalishika sikio la mjukuu wake, akalivuta taratibu, akachungulia ndani.

"Pamba," alisema.

"Pamba gani, Bi?" nikamuuliza.

"Huzaifa alikuwa na pamba sikioni. Mie ndiye niliyekuwa nikimsafisha usaha, nikimtia mafuta ya nazi ya vuguvugu." Alikuwa akizungumza na lile sikio, si na mimi. "Mama alimwita siku ile. Nilikuwa jikoni, nimemsikia. Alimwita mara tatu, Dorcas, arudi asende kisimani. Hakuitika hata mara moja."

Nahla alikuwa akilia kwa sauti.

"Huzaifa hakuitwa na mtu," akasema Bi Kamaria. "Huzaifa hakusikia."

Umri wote ule ameibeba ile pamba mdomoni, akiisimulia, na hakuiona. Wala sisi hatukuiona. Pilau iliungua siku hiyo.

Wafa alitiwa vijibomba hospitalini Kilifi. Bi Kamaria alikaa nje ya mlango ameshika viatu vya mtoto kifuani, akisoma dua, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama. Nilimchukia daktari, nikajichukia mimi niliyechochea, nikaichukia saa ya ukutani. Kisha tukaitwa. Wafa alikuwa macho, mnyonge kidogo. Muuguzi akaangusha sahani ya bati, na mtoto akayaziba masikio kwa viganja, akaangua kilio. Bi Kamaria alilia kuliko yeye, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kilio kitamu hicho, lia mama.

Tangu jioni ile, adhana ya Maghribi ikimalizika, nasikia ukutani kitu ambacho nyumba ile haikuwahi kukiruhusu.

"Wafa!"

"Labeka, nyanya!"

Mara moja, na jibu papo hapo. Nilifurahi mno, nikamtania kwamba sasa amekuwa muadhini. Alicheka, lakini si sana. Ilinichukua muda kugundua kwamba kila wiki alikuwa akiipunguza sauti. Daktari alisema vijibomba vitadondoka siku moja na hakuna atakayejua ni siku gani. Huenda masikio yatakuwa yamepona. Huenda maji yatarudi. Kwa hiyo Bi Kamaria huita jioni, polepole, polepole zaidi, kisha husikiliza. Sauti iliyokuwa ikiamsha mtaa sasa inanibidi nisimamishe cherehani niipate. Jibu likija, nakanyaga tena.

Jana nilisimamisha cherehani kama kawaida. Aliita mara mbili.